Tuta na Mlango Wake: Udongo, Maji na Njia katika Nyanda za Juu Kusini



Niliombwa nizungumzie miundombinu, nikaomba nipunguziwe mzigo. Leo nitazungumzia tuta peke yake: udongo uliochimbwa hapa, ukarundikwa na kushindiliwa pale, ili uzuie maji au ubebe njia. Ukienda kwa basi kutoka Iringa hadi Mbeya, sehemu kubwa ya safari unakaa juu ya tuta. Ukishuka Igurusi ukaagiza wali, umekula kilichoota katikati ya matuta. Ukisikia treni ya TAZARA ikipanda kuelekea Uyole, inapita juu ya tuta. Na umeme wa Kidatu unatokana na maji yaliyozuiwa na tuta la mawe na udongo lenye kimo cha mita 40 hivi.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitaja mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Tuta tulipime kwa mlango wake kabla ya kulipima kwa kimo au unene. Kwa mlango nakusudia kila mahali palipoachwa kwa makusudi ili maji yapite: tundu la jaruba, kalavati la barabara, utoro wa bwawa, banio la mto. Hapo ndipo panapoamuliwa maji yapite lini, kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Matuta mengi yaliyotuangusha yalikuwa manene ya kutosha. Yaliangushwa na milango iliyosahauliwa, iliyozibwa, au iliyoshikwa na upande mmoja.

Tuta la shambani

Tuanzie chini kabisa, Usangu. Pale Mbarali, milima ya Kipengere na Uporoto inakoma ghafla na tambarare inaanza. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali na Ruaha Mkuu yenyewe inashuka kwa kasi, ikifika tambarare inapoteza nguvu, inatawanyika, kisha inakusanyika tena katika kinamasi cha Ihefu. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kiliingizwa huko na walowezi wa Kibaluchi katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa China, likajengwa shamba kubwa la Mbarali lililoendeshwa na NAFCO, shirika la umma la kilimo. Baadaye yakafuata Kapunga na Madibira, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini pembeni ya mashamba hayo makubwa, na kabla yake, wakulima wadogo walikuwa wakijenga majaruba yao kwa jembe.

Kingo za jaruba hazifiki goti. Udongo wa mbugani, mfinyanzi mweusi, ukilowa unavimba na kushika maji vizuri ajabu. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Kwa hiyo kingo za mwaka jana haziaminiki mwaka huu. Kila msimu mkulima huzipitia, huzikata zilizolegea, huzikandika upya kwa tope bichi, ndipo anapovuruga na kupandikiza. Tazama sasa anavyoshughulika na mlango. Anafungua kingo kwa jembe, maji yanaingia jaruba la pili, anaziba kwa bonge la udongo na majani, anahamia la tatu. Kazi hiyo haimchukui muda mrefu, lakini anaifanya mara nyingi, tena usiku inapofika zamu yake. Waulize viongozi wa skimu waliomo humu ukumbini ugomvi wanaousuluhisha unahusu nini. Ni nadra wakuambie unahusu unene wa kingo. Unahusu nani alifungua mlango usiku ambao haukuwa zamu yake.

Panda sasa Iringa, kwa Wahehe, na Njombe, kwa Wabena. Huko tuta limefanywa kwa nia iliyo kinyume. Katika mabonde yenye unyevu, wakati wa kiangazi, watu hulima vinyungu. Udongo huinuliwa ukawa tuta pana, mitaro ikaachwa katikati, mahindi mabichi, maharage na mboga vikaota juu ya maji badala ya kuzama ndani yake. Mtaro ukifunguliwa bonde linakauka kidogo, ukizibwa linalowa. Mlango huohuo mdogo ndio uliovifanya vinyungu kuwa suala la taifa, kwa sababu maji ya mabonde hayo ndiyo yanayolisha mito kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, na vinyungu vingi viko humo humo. Wengine wanataka vifutwe. Kwa maoni yangu, kabla ya kufuta tuulizane kwanza mtaro upi unakausha bonde na upi unarudisha maji mtoni, maana si mitaro yote inayofanya kazi moja.

Kulazimisha matuta tulikwisha kuona kulikotufikisha. Wakoloni wa Kiingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliwaamuru wakulima katika sehemu nyingi za Tanganyika wachimbe matuta ya kukinga mmomonyoko. Kule Uluguru, mwaka 1955, amri hiyo ilizaa ghasia na mtu akapoteza maisha. Wataalamu wa wakati huo walidhani wakulima ni wakaidi. Wakulima walikuwa na hoja ya kiufundi: ngazi zilizokatwa kwenye miteremko mikali zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, kazi ikawa nyingi na mavuno haba. Tuta lililobuniwa ofisini halikuwa na nafasi ya kupitisha maarifa ya mwenye shamba.

Udongo unavyoshika na unavyoachia

Niruhusuni sasa niingie katika ufundi. Udongo mkavu haushindiliki: chembe zinasuguana na kubaki na matundu. Udongo chepechepe nao haushindiliki, maana maji yamejaa mahali ambapo chembe zingekaa. Kuna kiasi cha kati, kama maji ya kukandia unga wa chapati, ambacho udongo ukiwa nacho hukaa imara kuliko vingine vyote. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor, aliyekuwa akijenga mabwawa huko Los Angeles, alionyesha namna ya kukipima kiasi hicho maabara. Hadi leo kila mkandarasi wa barabara hapa nchini hupimwa kwa kipimo chenye jina lake. Ndiyo maana katika ujenzi mzuri mnaona boza la maji likitangulia na shindilia ikifuata, tabaka moja baada ya jingine, kila moja sentimita 15 hadi 20 hivi. Mkandarasi anayemwaga kifusi cha mita nzima kisha akapitisha mtambo juu yake mara moja amefunika tatizo, hajajenga tuta.

Hata tuta lililoshindiliwa vizuri hupitisha maji. Polepole, lakini hupitisha. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo ni ya kweli kwa nyumba. Kwa tuta la bwawa inaweza kukuponza. Ukiona maji yanachuruzika upande wa chini ya tuta, kishawishi ni kuchukua udongo wa mfinyanzi na kuziba. Ukiziba pale, maji yatajikusanya nyuma ya kizibo, yatapata nguvu, yatatokea pengine. Mhandisi hufanya kinyume: anaweka mchanga, juu yake changarawe, juu yake mawe. Hilo ni chujio, na kanuni za kulipima ziliwekwa na Karl Terzaghi katika karne iliyopita. Maji yanaachwa yatoke, chembe za udongo zinazuiwa. Hata maji ya kuvuja, basi, yanahitaji mlango.

Kinachoua ni maji yanayotoka na tope. Tope maana yake chembe zinahama, na tundu linachimbika kuanzia nje kurudi ndani kuelekea bwawani. Tarehe 5 Juni 1976, huko Idaho, Marekani, bwawa jipya la Teton, tuta la udongo lenye kimo cha mita 93, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi wafanyakazi waliona maji yenye tope yakitoka ubavuni. Walipeleka matingatinga kuziba. Kabla ya adhuhuri tuta lilikuwa limekatika, na watu 11 walikufa. Walinzi wa malambo ya mifugo na mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi hawana mitambo ya kisasa ya kupimia, lakini wanayo macho. Wafundisheni jambo hili moja: maji safi yanayovuja ni ya kuandikwa kwenye daftari, maji ya tope ni ya kupigiwa simu saa hiyohiyo.

Adui wa pili ni maji yanayopita juu. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia kufurikwa kwa muda. Tuta la udongo haliwezi: maji yakishapata njia juu ya mgongo wake, yanalikata. Ndiyo maana kila bwawa la udongo lazima liwe na utoro, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada, iliyochimbwa kwenye ardhi ngumu mbali na tuta lenyewe. Utoro ndio sehemu ambayo wanakijiji huidharau kuliko zote, kwa sababu miaka mingi hukaa mkavu. Mtu hulima humo mahindi, mwingine hupandisha ukingo wake kidogo ili lambo libaki na maji mengi zaidi mwaka wa ukame. Kisha inakuja mvua ya mwaka mmoja kati ya ishirini.

Tuta la njia

Baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa. Mafuta na shaba vikaanza kupita kwa malori katika barabara ya udongo kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, barabara iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu kwa matope, vumbi na ajali zake. Baadaye ikawekwa lami, kwa fedha nyingi za Marekani na Benki ya Dunia. Wakati huohuo China ilikubali kujenga reli ya TAZARA, ambayo Benki ya Dunia ilikuwa imeikataa. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, kupanda hadi Makambako, mji uliokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Hapo reli inapanda zaidi ya mita 1,000, na mahandaki mengi ya njia nzima yako katika kipande hicho. Kazi ilikuwa kukata mlima na kujaza bonde, kukata na kujaza, kwa kuwa treni haiwezi mteremko ambao lori linaumudu. Kwa njia nzima ulihamishwa udongo na mwamba wa mita za ujazo milioni 89. Watu wakisimulia habari za TAZARA hutaja mahandaki 22 na madaraja 320. Mimi napenda kutaja makalavati yake zaidi ya 2,200. Gawanya mwenyewe: kila kilomita moja ya reli ina kalavati moja na zaidi. Wajenzi wale walijua kwamba wanaweka ukingo mrefu mbele ya kila kijito cha nusu ya nchi mbili, na kila kijito wakakipa mlango wake.

Angalieni ramani kutoka Makambako hadi Uyole muone uzito wa jambo hilo. Reli na barabara kuu zinakwenda karibu sambamba kwenye miguu ya milima, kupitia Igawa, Chimala na Igurusi. Maji yote yanayoshuka Kipengere kwenda Usangu hayana budi kuzivuka zote mbili. Zamani maji ya mvua yalishuka yakiwa yametandaa, kila shamba likipata kidogo. Tuta la njia huyakusanya kwenye mitaro, likayapeleka kwenye kalavati, yakatokea upande wa pili yakiwa mkondo mmoja wenye nguvu. Mwenye shamba aliye mbele ya kalavati anapata korongo. Jirani yake wa mita mia mbili anapata ukame. Wote wawili wanalaumu mvua.

Kalavati likizibwa na mchanga, magogo na chupa za plastiki, mambo yanageuka. Barabara inakuwa bwawa. Nalo ni bwawa ambalo hakuna aliyelibuni liwe bwawa: halina kiini cha mfinyanzi, halina chujio, halina utoro. Maji yanapanda upande mmoja, tuta linalowa hadi moyoni, na usiku mmoja barabara inakatika. Asubuhi tunaambiwa mvua zimeharibu miundombinu. Mara nyingi mvua imekuta miundombinu iliyokwisha kuharibiwa na ukosefu wa jembe na toroli.

Jirani zetu wa Kilosa walilipa gharama hiyo. Mji wao umelindwa kwa tuta kando ya Mto Mkondoa, na kwa miaka mingi mabwawa ya juu, likiwemo la Kidete, yalipunguza nguvu ya mafuriko kwa ajili ya reli ya kati. Mabwawa yaliachwa yakajaa mchanga na kubomoka, tuta likachoka. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulipasua tuta, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Tuta la mafuriko lina hatari ya pekee: kadiri linavyokaa muda mrefu bila kushindwa, ndivyo watu wanavyojenga karibu zaidi nalo.

Ufunguo uko kwa nani?

Nirudi Usangu, maana huko ndiko somo lenyewe liliko. Zamani banio la mkulima lilikuwa magogo, mawe na majani yaliyopangwa mtoni. Lilivuja. Mafuriko ya kwanza yakalibeba, mkulima akajenga tena. Kuanzia miaka ya 1980 wafadhili na serikali wakaja na mabanio ya zege yenye mageti ya chuma. Nia ilikuwa njema, na kazi ya kujenga upya kila mwaka ikaisha. Lakini banio la zamani, kwa kuvuja kwake, liliwaachia walio chini sehemu ya mto hata mwezi wa Oktoba. Banio jipya liliweza kuuchukua mto wote. Mtafiti Bruce Lankford, aliyefanya kazi Usangu kwa muda mrefu, amelieleza jambo hili vizuri: kilichoitwa uboreshaji kilihamisha mamlaka ya maji kutoka chini kwenda juu ya mto.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Sababu ya karibu ni kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, kwenye mdomo wa Ihefu. Ni tuta la asili. Kina cha kinamasi kikishuka chini ya kizingiti hicho, hakuna tone linalotoka, hata kama nyuma yake bado kuna maji mengi. Machi 2001, mjini London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo likaingizwa hifadhini. Mwaka 2010 ulipita, na mto uliendelea kukauka.

Miaka hiyohiyo mto ulipoanza kukauka, taifa lilikuwa gizani. Mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 ulitokea maji ya bwawa la Mtera yalipopungua sana, na lawama ikapelekwa Usangu. Hesabu, hata hivyo, haikukubali. Mtera, ambayo ukuta wake ni wa zege, ina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 3, na hujazwa na maji ya msimu wa mvua. Maji ya kiangazi yanayochukuliwa na majaruba ni madogo mno kuweza kulijaza au kulikausha. Utafiti wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha hivyo: umwagiliaji wa kiangazi uliumiza kinamasi na hifadhi, lakini haukutosha kueleza giza la mijini. Watafiti wengine wakaelekeza macho kwenye mageti ya Mtera yenyewe na namna maji yalivyotolewa kwenda Kidatu. Mkulima wa Ubaruku, kule Usangu, alishitakiwa kwa mlango ambao ufunguo wake hakuwa nao.

Sisemi kwamba wakulima hawana lawama. Mfereji unaobaki wazi baada ya mpunga kuvunwa, maji yakipotea porini Julai na Agosti, ni hasara kwa hifadhi, kwa wavuvi na kwa mkulima wa mwisho wa mfereji. Ninachosema ni kwamba kosa la kila mlango lipelekwe kwa mwenye ufunguo wake.

Tufanye nini

Mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo mkubwa.

La kwanza, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, pamoja na TANROADS, TARURA na TAZARA, waweke daftari la milango. Kila kalavati, utoro na banio liwe na namba, na mtu wa kijiji cha jirani anayelipwa kulikagua. Usafishaji ufanyike Oktoba, kabla ya mvua. Septemba 2024, mjini Beijing, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Fedha zikija, zisiishie kwenye vichwa vya treni.

La pili, mabanio mapya ya Usangu yajengwe ya kugawa kwa uwiano, sehemu ya mto ipite yenyewe kwenda chini bila kusubiri huruma ya mwenye geti. Tuurudishe kwa zege uvujaji uliokuwemo katika magogo.

La tatu, wahandisi wa barabara wakae meza moja na mabwana shamba kabla kalavati halijamwagwa zege. Maji yanayokusanywa na tuta la njia yanaweza kuelekezwa kwenye lambo, na mashimo ya kifusi, ambayo leo ni mazalia ya mbu, yanaweza kuwa malambo hayo.

La nne, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa nafasi Jumuiya za Watumia Maji. Zipewe pia ufunguo. Jumuiya isiyoweza kufungua wala kufunga geti lolote haitumii maji, inasubiri maji.

Kwenye kila mradi mnaona bango: jina la mkandarasi, urefu wa barabara, gharama, siku ya kukamilika. Likisimikwa kijijini kwenu, nendeni ofisi ya mtendaji mkaulize maswali ambayo bango halijayajibu. Milango mingapi? Maji yatatokea kwa nani? Nani atasafisha, na atalipwa na nani? Mtendaji asipojua, amuulize mhandisi. Na mhandisi asipojua, tuta hilo halijawa tayari kujengwa.